Loti ya Saba na Neno Moja la Ziada

Juma lililopita msichana mmoja wa mwaka wa pili chuoni alinijia hapa nyumbani mtaa wa Nguba, kompyuta yake kwapani, uso umejaa furaha. Programu yake ilikuwa imemgomea siku mbili nzima, na sasa ilikuwa inaenda.

“Ulifanya nini?” nikamwuliza.

“Maman, ilikuwa inasema metodi haiko static. Nikaweka static. Ikalalamika tena, nikaweka na pale kwengine. Ikanyamaza.”

Nikacheka, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu vilevile. Halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Nikamwambia akae, nikamtilia chai, nikamsimulia jambo ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikilisimulia nusu. Alipoondoka nikaona afadhali niliandike lote, kwa ajili yenu ninyi mnaoanza kazi hii. Kompyuta ikinyamaza si lazima iwe imekubaliana nawe. Wakati mwingine imekuachia tu uende ukaanguke mbele.

Mimi naitwa Nsimire. Nimeandika programu karibu miaka thelathini, hapahapa Bukavu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa kwenye labo, yaani maabara ndogo ya mbegu, ambayo sitaitaja jina. Kazi yetu ilikuwa kupima mbegu za mpunga kabla hazijapelekwa kwa wakulima wa bonde la Ruzizi, Luvungi, Luberizi na kandokando. Magunia yaliyotoka shamba moja na kuvunwa pamoja tuliyaita loti. Kila loti ilipewa nambari, ikapimwa, ikapewa etiketi. Etiketi ilisema moja kati ya mambo mawili: NZURI KUPANDA, au YA KULA TU. Hakukuwa na jambo la tatu.

Aliyepima alikuwa maman Zawadi. Aliingia labo ile kabla yangu na shule yake iliishia sekondari ya chini, lakini mikono yake ilijua mpunga kuliko vitabu vyetu vyote. Alichukua mbegu mia moja kutoka kila loti, akazipanga juu ya karatasi yenye maji, kumi kumi, akazifunika, akangoja siku zake, kisha akahesabu zilizotoa mche. Kabla ya hapo alitafuna punje moja. Akiitafuna alikwambia imekauka au bado, na mashine ya kupima unyevu ilikuja kusema hivyohivyo baada ya dakika kumi, kama mtoto anayerudia somo.

Na alikuwepo mwalimu wangu, muzee Ramazani. Huyu alikuwa mtu wa Uvira, wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani ya mashariki. Ndugu zake wote waliuza vitenge na sukari. Yeye peke yake aliangukia kwenye kompyuta, na mama yake, alivyotuambia, alikufa akiamini kwamba mwanawe anatengeneza redio. Kofia haikumtoka kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Tulipoanza kuandika kwa mtindo wa klasi na objeti, yeye ndiye aliyekwenda kuusoma kwanza, akiwa na mvi, kisha akarudi kutufundisha.

Ninyi mna betri za siku nzima na programu zinazowamalizia sentensi. Sisi tulikuwa na courant, yaani umeme, iliyokuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Kwa hiyo muzee Ramazani aliweka sheria: programu inaandikwa kwanza kwenye karatasi, kwa penseli. Courant ikirudi, tunachapa. Tulinung'unika sana. Lakini mtu anayeandika kwa penseli hufikiri kabla ya kila mstari, maana kufuta kunachosha mkono. Nimekaa na vijana wengi tangu wakati ule na bado ninaitamani ile meza, ile harufu ya penseli iliyochongwa kwa wembe, na muzee akipitisha kidole juu ya karatasi yangu kama anayesoma barua kutoka nyumbani.

Siku niliyokosea, courant ilikuwepo tangu asubuhi. Ndiyo maana sikuandika kwenye karatasi.

Shefu wetu, mkuu wa labo, alitaka etiketi zitoke kwenye kompyuta badala ya kuandikwa kwa mkono. Kazi nikapewa mimi. Niliandika klasi nikaiita Loti. Klasi, kwa ambaye bado hajakutana nayo, ni maelezo ya namna kitu kilivyo: loti yoyote ina nambari, ina idadi ya mbegu zilizoota, na inajua kujibu kama ni nzuri kupanda. Objeti ni loti yenyewe, moja, ile ya tatu au ya tisa, yenye idadi yake. Metodi ni swali unaloiuliza. Niliandika metodi niliyoiita niNzuri. Ilitazama idadi iliyoota. Ikiwa inatosha, ilijibu ndiyo.

Ilikuwa sawa kabisa. Kosa likaja nilipotaka kuiita.

Sehemu ya programu inayoanza kwanza huwa static. Ni kusema haimo ndani ya objeti yoyote. Inakaa kwenye klasi yenyewe, peke yake. Nikiwa pale nikaandika tu: niNzuri(), bila kitu mbele yake. Kompilateri, yaani ile programu inayosoma kazi yako kabla ya kuipokea, ikakataa. Ikasema huwezi kuita metodi isiyo static kutoka mahali palipo static. Sasa hivi ninaelewa ilikuwa inaniuliza nini. Ilikuwa inaniuliza: loti ipi? Mwaka huu una loti kumi na nne, unauliza ipi kati ya hizo?

Mimi sikusikia swali. Nilisikia mlango umefungwa. Nikaongeza neno static mbele ya metodi. Ikalalamika kuhusu idadi iliyoota, kwa sababu metodi ya static haiwezi kugusa kitu kilicho mali ya objeti moja. Nikaongeza static na pale pia. Ikanyamaza.

Kwa neno lile la pili nilikuwa nimezinyang'anya loti zote kumi na nne idadi zao na kuzipa idadi moja ya kuchangia. Kila nilipoingiza loti mpya, idadi yake ilifuta ile ya kabla. Lakini nambari ya loti sikuigusa, ilibaki ya kila moja, na kwa hiyo kwenye karatasi kila kitu kilionekana kiko mahali pake.

Nilijaribu. Msidhani sikujaribu. Niliingiza loti moja mbaya, etiketi ikasema YA KULA TU. Nikafunga, nikafungua upya, nikaingiza loti moja nzuri, ikasema NZURI KUPANDA. Nikamwendea muzee Ramazani.

“Umeijaribu?” akauliza.

“Ndiyo, muzee. Mbaya inasema mbaya, nzuri inasema nzuri.”

“Vizuri, mwanangu.” Akatia sahihi kwenye karatasi ya kuikubali programu bila kuisoma kazi yangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya hivyo, na nilitoka mle nikiwa nimerefuka.

Kesho yake niliingiza matokeo ya loti zote kumi na nne, moja baada ya nyingine, kisha nikabonyeza kuchapa. Ya kumi na nne ilikuwa nzuri sana. Etiketi kumi na nne zikatoka, zote NZURI KUPANDA. Maman Zawadi angeona papo hapo, lakini alikuwa amekwenda kijijini kwao kumzika mama yake. Watu wa depo, waliotunza magunia, wakafurahi kwamba mwaka huo hakuna gunia lililorudi. Shefu akanipa mkono mbele ya wote, akasema, “Nsimire, hii njo inaitwa maendeleo.” Magunia yakapakiwa, yakateremka bondeni.

Karibu wiki tatu baadaye mwanamume mmoja akasimama mlangoni pa ofisi yetu. Alikuwa amevaa koti safi na viatu vyenye tope lililokauka. Mkononi alishika kitambaa kilichofungwa mafundo.

“Jambo, maman. Mimi ni Kashindi, wa Luberizi. Nilikuja kuuliza kama kosa iko yangu.”

Nikamkaribisha. Akaketi pembeni ya kiti, akafungua kitambaa juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na tope jeusi la kitalu, na ndani ya tope punje za mpunga, zimevimba, laini, zinanuka.

“Nilifanya vile munatufundishaka,” akasema. “Kulowesha, kufunika, kungojea. Siku ya kumi, hakuna kitu. Nikasema, nivumilie. Siku ya kumi na tano ikaanza kunuka. Na si mimi peke yangu. Mimi njo kiongozi wa mufereji wetu, jamaa kumi na moja. Mimi njo niliwaambia tuache mbegu ya nyumbani, tukamate ile ya labo. Sasa wananiangalia tu.”

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, kuliko hata kwenye kosa lenyewe. Nilichukua etiketi aliyoileta. Loti ya saba, NZURI KUPANDA. Nikamwambia, “Papa, labo ilipima. Iko nzuri. Labda maji yalikuwa mengi? Labda muliloweshea kwenye pipa ya mafuta?”

Hakukasirika. Aliangalia mikono yake, akafikiri kweli, kama mwanafunzi anayetafuta jibu. “Pipa iko safi,” akasema taratibu. “Lakini labda. Labda maji.”

Maman Zawadi alikuwa amerudi siku mbili kabla, bado na kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Harufu ilimvuta kutoka chumba cha pili. Akaja, akachukua punje moja, akaibana kati ya vidole.

“Hii ni loti gani?”

“Ya saba,” nikasema.

“Loti saba?” Akanitazama. “Ile haiko ya kupanda. Mimi mwenyewe nilihesabu.” Akaenda, akarudi na daftari lake la matokeo, lile ambalo mimi nilikuwa nimenakili kutoka humo kwa vidole vyangu mwenyewe. Akaweka kidole. Mia moja zilizowekwa, thelathini na moja zilizoota. “Nsimire, ile machine yako iko inasema bongo.” Yaani uongo.

Papa Kashindi akainua kichwa. “Ni kusema haiko maji?”

“Haiko maji, papa,” maman Zawadi akamjibu. “Hata ungepanda mu bustani ya Edeni, haingeota.”

Yule mwanamume akafunika uso kwa viganja vyake viwili. Nilidhani analia kwa hasira. Alipoviondoa nikaona ni kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Wiki nzima alikuwa amejibeba yeye mwenyewe kama mkosaji, na mimi nilikuwa nimemwongezea uzito.

Nikamwita muzee Ramazani. Hakuuliza mengi. Aliketi mbele ya kompyuta yangu, akavuta kofia nyuma.

“Ulijaribu na loti ngapi?”

“Moja, muzee. Kisha moja.”

“Kwa wakati mmoja ngapi?”

“Moja.”

“Tengeneza mbili. Moja ya saba, moja ya kumi na nne. Ziache zote mbili hai, kisha ziulize.”

Nikafanya. Zote mbili zikajibu ni nzuri. Nikageuza mpangilio, nikaingiza ya kumi na nne kwanza na ya saba mwisho. Zote mbili zikajibu ni mbaya. Muzee akafungua klasi yangu, kidole kikatembea juu ya kioo kama kilivyotembea juu ya karatasi zangu, kikasimama kwenye neno static, la kwanza, kisha la pili. Akasimama, akaenda mlangoni mwa labo, akapaza sauti:

“Watu wa labo! Leo siku gani?”

“Alhamisi!” wakajibu watatu kwa pamoja.

“Maman Zawadi! Umekula?”

“Bado, muzee,” akajibu Zawadi peke yake.

Akarudi, akaketi. “Umesikia? Swali la kwanza niliuliza nyumba nzima. Yeyote angejibu, na jibu ni lilelile. Hilo liwe static, hakuna ubaya. Swali la pili nilimwuliza Zawadi. Nikiuliza nyumba nzima kama imekula, nani atajibu? Atajibu aliyeingia mwisho, na sisi tutaamini wote wameshiba.” Akachukua penseli, akaandika kwenye ubao wa karatasi, pole pole, mistari miwili:

Loti.niNzuri()
loti7.niNzuri()

“Tazama kushoto kwa nukta. Juu pana jina la klasi. Chini pana jina la loti moja. Kila unapoandika nukta, mwanangu, jiulize ni nani anaulizwa. Na kompilateri ikikukataza, usimzibe mdomo. Inawezekana anakuuliza jina la mtu.”

Kuitengeneza programu kulichukua dakika chache tu: kufuta neno mara mbili, na kuweka jina la loti mbele ya nukta. Tukachapa upya zote kumi na nne. Nne zilitoka YA KULA TU. Ya tatu, ya saba, ya nane na ya kumi na moja. Zote nne zilikuwa zimekwisha shuka bondeni.

Tukaenda kumweleza shefu, akatusikiliza akiwa amesimama dirishani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta njia rahisi, “Batu ya kule hawana depo. Mbegu inalowa njiani, inalowa mu nyumba. Tutaandika kwamba walihifadhi vibaya. Tutawapa pole, na itakwisha.”

Lazima niwaambie ukweli: nusu ya moyo wangu ilitaka shefu akubaliwe. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na nilikuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu pale. Nilijua maneno yatakayosemwa.

Muzee Ramazani akasema, “Shefu, karatasi ya kuikubali programu ina sahihi yangu. Sikuisoma kazi. Basi andika jina langu.”

“Muzee, umebakiza mwaka moja uende pensheni. Unataka barua mbaya mu dosie yako ya kazi?”

“Lile tope lililoko pale mezani ni zito kuliko barua.”

Ndipo nikapata ulimi. “Programu niliandika mimi, shefu. Nipe magunia mazuri na gari. Nitashuka mimi mwenyewe.”

Shefu aligeuka kutoka dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, nami ninamjua woga huo kwa sura. Mwishowe akasema tufanye haraka, na barua zetu za onyo zitakuja. Zilikuja kweli, ya muzee na yangu. Muzee aliondoka kazini na ile barua ndani ya dosie yake, baada ya maisha mazima ya kazi safi. Hilo sijawahi kulipatanisha na moyo wangu.

Tulishuka na papa Kashindi kesho yake, mimi mbele na yeye nyuma juu ya magunia, kwa sababu alikataa kuyaacha. Ile barabara ya milima ya Ngomo, yenye kona juu ya makorongo, mnaijua. Kila kona niliomba, na si kwa ajili ya gari. Zamu ya maji ya mfereji wao ilikuwa imebakiza siku chache tu. Ikipita, kitalu kipya hakitakuwa na cha kunywa, na waliopanda chini yao watayachukua maji kwa haki yao.

Luberizi watu walikusanyika kando ya ghala lao. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njiani, yenye “hitilafu” na “mfumo”. Nilipoona nyuso zao yote yakakimbia. Nikasema, “Mbegu mulizopewa zilikuwa mbaya. Labo ilijua ni mbaya, maman mmoja alizihesabu vizuri. Mimi njo niliandika programu iliyochapa kwamba ni nzuri. Papa Kashindi hakukosa kitu. Ninyi hamukukosa kitu.”

Kisha mama mmoja mzee, mwenye jembe begani, akauliza, “Ni weye njo uliandika ile karatasi?”

“Ndiyo, maman. Ni mimi.”

“Si machine?”

“Machine iliandika vile niliiambia.”

Akatikisa kichwa taratibu. “Basi ulitoka mbali kuja kusema vile. Wengine wanatumaka barua.”

Hakusema amenisamehe. Alishusha jembe, akaenda kushika upande wa gunia la kwanza, na wengine wakafuata. Jioni ile mbegu mpya zililoweshwa. Watu wa mfereji wa chini, baada ya maneno mengi na kelele nyingi, walikubali kungoja zamu yao siku tatu. Sijawahi kuona zawadi kubwa kuliko siku tatu za maji.

Sitawadanganya kwamba yote yalipona. Jamaa nane kati ya kumi na moja walipanda kwa wakati. Wawili walichelewa, mpunga wao ukatoa mabua marefu na punje chache. Mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa ameshakata tamaa kabla hatujafika na kutia mahindi. Alivuna kidogo tu. Luvungi walikuwa na loti ya tatu, ya nane na ya kumi na moja, na huko pia tulifika, na huko pia si wote tuliowakuta bado wana subira. Mwanamume mmoja alinigeuzia mgongo nikiwa katikati ya sentensi, akaenda zake shambani. Alikuwa na haki.

Niliporudi Bukavu nikashikwa na ugonjwa mwingine, na huu ni wa kuchekesha. Niliogopa neno static kama nyoka. Nikalifuta kila mahali. Tulikuwa na metodi ndogo ya kutafuta asilimia: unaipa mbegu zilizoota na mbegu zilizowekwa, inakupa jibu. Haina haja ya loti yoyote. Mimi nikailazimisha iwe ya objeti, na ili kuiita ikabidi kila mara nitengeneze loti tupu, isiyo na nambari wala mbegu, kwa ajili ya kugawanya tu. Siku moja programu ikachapa etiketi ya loti isiyokuwepo. Maman Zawadi akaileta ofisini akiishika kwa ncha za vidole.

“Nsimire, hili gunia liko wapi? Nimelitafuta mpaka chini ya meza.”

Muzee Ramazani alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akafuta machozi, akaniambia, “Mwanangu, neno halikukosa. Kugawanya hakuulizi wewe ni nani. Irudishie metodi ile neno lake.” Nikalirudisha, pale tu linapostahili. Tangu hapo nimeshika mambo mawili na kuyapitisha kwa kila aliyekaa karibu nami. Metodi ikiwa haigusi kitu cha objeti, iwe ya klasi na uiite kwa jina la klasi, ili anayesoma ajue. Na usijaribu kamwe kwa objeti moja. Moja haiwezi kukuonyesha kwamba inaiba cha mwenzake. Weka mbili, tofauti, hai kwa pamoja, halafu uliza.

Muzee Ramazani alistaafu, akarudi Uvira, na huko ndiko alikozikwa. Nilikwenda. Ndugu zake wa vitenge na sukari waliniuliza hasa alikuwa anafanya kazi gani, nikajaribu kuwaeleza, nikaona ninaongea juu ya nukta, nikanyamaza.

Lakini lililonikaa zaidi ni la mwezi ule wa mavuno, kabla hajastaafu. Papa Kashindi alisimama tena mlangoni kwetu na koti lilelile. Safari hii alibeba mfuko wa mpunga begani.

“Hii ni ya shamba yangu,” akasema. “Nataka muipime. Nikipata jibu nzuri, nitaigawia watu wa mufereji kwa kupanda.”

Maman Zawadi akatafuna punje moja, akaenda kupanga mia yake. Papa Kashindi alikuwa na ndugu mtaa wa Kadutu. Alilala huko, na kila asubuhi alikuja kuchungulia zile karatasi zenye maji kama anayemtembelea mgonjwa. Siku ya kuhesabu walihesabu pamoja, yeye na Zawadi, kwa sauti, vichwa vimekaribiana. Tisini na sita.

Nikaingiza. Nikachapa. NZURI KUPANDA. Nikampa.

Aliisoma, akaigeuza upande wa nyuma ulio mweupe, akairudisha mezani mbele yangu, akachukua kalamu ya maman Zawadi na kunipa.

“Andika jina yako hapo.”

“Papa, etiketi hazina jina la mtu. Zina nambari.”

“Najua. Andika.”

Niliandika jina langu, kisha la baba yangu, herufi kubwa, ili hata asiyezoea kusoma aweze kulitambua. Akapuliza wino ukauke, akaitia etiketi ndani ya koti, upande wa kifua, akabeba mpunga wake akaenda kutafuta gari la kushuka.